Guu la Mkuu

Muda mfupi baada ya saa sita usiku, tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways iliyokuwa safarini kutoka Abidjan kwenda Nairobi iliruka kutoka Douala, Kamerun, na kabla ya dakika 2 kupita ikaanguka kwenye kinamasi cha mikoko. Watu wote 114 waliokuwamo walifariki. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa mwaka 2010 haikuitupia injini lawama. Ilieleza kwamba ndege ilikuwa ikilalia upande wa kulia polepole katika giza nene, huku otopailoti, yaani mtambo wa kuiongoza ndege bila mkono wa rubani, ambayo rubani alidhani inafanya kazi ikiwa haijawashwa, na hakuna aliyehakikisha. Ripoti haikuishia kwenye vyombo: ilizungumzia pia tabia za watu wawili waliokuwa mbele, rubani mwenye umri wa miaka 52 aliyejiamini mno na kuwatawala walio chini yake, na msaidizi wake wa miaka 23, mpole na asiyethubutu kumkosoa.

Baba na mwana, kwa hesabu ya miaka. Siwezi kumlaumu kijana yule, kwa kuwa nimewahi kusimama mahali pake.

Nilipokuwa saidia fundi kwenye jengo la ghorofa Dar es Salaam, asubuhi moja niliona mrunda mmoja ulioshikilia jukwaa umepasuka. Fundi wetu mkuu alikuwa mwashi hodari na mkarimu wa chakula, lakini hakuvumilia kujibiwa. Kijana mmoja aliyemwambia kwamba ukuta haufuati timazi alibebeshwa mawe wiki nzima. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikanyamaza. Kabla ya adhuhuri jukwaa lilishuka upande mmoja, naye akavunjika mguu.

Tangu utotoni tumefundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ile guu lililovunjika lilikuwa la mkuu mwenyewe, na sisi wadogo tuliokuwa na neno la kumwokoa tulilimeza kwa jina la heshima. Naiamini heshima hiyo na nawalea wanangu ndani yake, ila sikubali kwamba inamtaka mtoto amwache mzee akanyage mbao mbovu.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba ukali wa fundi ndio chanzo, na kweli ulichangia. Lakini ukali ule ulikuwa na mlezi. Mkandarasi alimsifu mbele yetu kwa kumaliza kazi haraka, na hakuna siku aliyouliza ni mara ngapi tulikuwa tumenusurika. Baada ya ajali, swali lake la kwanza lilikuwa nani amefunga jukwaa, na mwenzetu mmoja akafukuzwa jioni ile ile bila kusikilizwa. Kuanzia hapo kila mtu alificha alichokiona, hata nyaya zilizochubuka, hata ngazi zilizolegea. Mtu mkali anaweza kudhibitiwa na utaratibu mzuri wa kazi. Utaratibu unaoadhibu ukweli humgeuza hata mtu jasiri kuwa bubu.

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wana mamlaka ya kuingia saiti. Kofia ngumu na mikanda wataiona. Neno ambalo kibarua amelimeza mbele ya bosi wake hawataliona, kwa hiyo kazi ya kulitoa ni ya yule mwenye cheo, maana ndiye asiye na cha kupoteza akisema kwanza kwamba naye hukosea.

Sasa nasimamia saiti mwenyewe. Kila asubuhi, kabla ya yeyote kupanda, nazunguka jukwaa pamoja na kibarua mdogo kuliko wote, naye husema alichokiona kabla yangu. Miezi michache iliyopita mmoja wao alisimamisha kazi siku ya kumwaga zege, mashine ikiwa tayari na mafundi wakinung'unika, kwa sababu mirunda miwili chini ya slabu ilikuwa imepinda. Tulipoteza nusu siku kuibadilisha. Mwenye jengo alikasirika, nikazungumza naye mimi, na kijana nikamlipa siku yake nzima mbele ya wote.