Rozari Imo Mkononi, Nikaribishe Hivyo Hivyo

Alhamisi ya wiki mbili zilizopita, saa saba na robo mchana, mtu tuliyejuana wiki tatu tu alininyooshea kiganja akaniambia nimkabidhi rozari yangu, ushanga tunaosalia sisi Wakatoliki. Hakutaka kuiangalia. Alitaka niachane nayo. Alisema, mbele ya watu kumi na mmoja tulioshikana mikono, kwamba hicho kitu ndicho kinachomfunga mama yangu kitandani, na siku nitakapokitupa mama atainuka.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo, ndiyo maana naandika.

Mama yangu alipata kiharusi mwezi wa tatu. Mkono wa kulia hauna nguvu, mdomo umevutwa upande, na maneno yanamtoka nusunusu kama mtu anayeongea huku ana ming'oko, ile mizizi ya kwetu ya kuchemsha, ya moto mdomoni. Yuko kijijini, upande wa Ndanda. Mimi niko Mtwara mjini kwa ajili ya kazi, na nauli ya kwenda na kurudi kila wiki sina. Nilipokwenda kumwona mara ya pili alinipa rozari yake kwa mkono wa kushoto. Ni ya mpingo, imechongwa na fundi wa hukuhuku kwetu, na imeshikwa miaka mingi hadi punje zimekuwa laini kama mbegu za ukwaju. Punje moja kwenye kumi la tatu, yaani fungu la tatu la punje kumi, ilipotea zamani, mimi nikiwa darasa la pili, na mama akafunga fundo la uzi mweusi mahali pake. Kidole kikifika kwenye lile fundo unajua uko wapi hata gizani.

Hicho ndicho nilichoambiwa kinamfunga.

Nilifikaje pale? Nilialikwa. Kila ofisi ya mjini siku hizi ina watu wake wa maombi ya mchana, na mwenzetu mmoja aliniona nimejiinamia mezani akaniambia, "Dada, usibebe peke yako, njoo tuombe. Sisi hatuna dhehebu." Nilitokwa na machozi palepale. Mtu mwenye mgonjwa akiambiwa njoo tuombe, haulizi mara mbili.

Siku ya kwanza niliingia nikasalimia kama nilivyolelewa: "Tumsifu Yesu Kristo." Kimya. Halafu mmoja akasema taratibu, "Hapa tunasema Bwana Yesu asifiwe." Sawa, Bwana Yesu asifiwe. Ni Yesu yuleyule, nilisema ameni kwa moyo wote. Mwanzoni mwa sala nikafanya ishara ya msalaba, nikaona macho ya watu yanaufuata mkono wangu kutoka paji la uso hadi begani. Wiki ya pili likaja swali la nani hapa bado hajaokoka, na ingawa liliulizwa kwa wote, wote walinigeukia mimi. Nikaongozwa sala ya toba. Niliifuatisha bila kinyongo, maana toba ni njema na sisi tunakiri kila Misa kwamba tumekosa sana kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo na kwa kutotimiza wajibu. Nilichosikitikia ni makofi yaliyofuata. Walipiga makofi kama mtu aliyetoka gizani siku hiyo. Mimi nilibatizwa nikiwa na wiki sita. Mama aliyenibeba hadi kwenye kisima cha ubatizo ndiye niliyekuja kumwombea.

Wiki ya tatu ndiyo hiyo ya kiganja.

Sasa nataka niseme jambo moja, na nalisema kwa walokole na kwa Wakatoliki wenzangu pia. Kumkaribisha mtu kwenye maombi ni kumkaribisha pamoja na sala yake. Ukinifungulia mlango, ukanipa kiti, ukanishika mkono, ukalitaja jina la mama yangu kwa machozi, halafu sala niliyofundishwa na huyohuyo mama ikabidi ibaki nje pamoja na viatu, hujanikaribisha. Umeukaribisha ugonjwa wa mama yangu. Mimi umeniacha kizingitini. Na maneno ya "hatuna dhehebu" ndiyo yananiuma kuliko yote, kwa sababu mtu mwenye dhehebu lake analolitaja unajua unaingia wapi. Mlutheri ataniambia sisi tunaabudu hivi, Mwanglikana vilevile, nami nitakaa kama mgeni anavyokaa kwa watu, nikila kilichopikwa. Asiyekuwa na dhehebu anakuahidi kwamba hapa pako, na wewe unakaa kama uko kwako. Kumbe kuna namna moja ya kusalimia, namna moja ya kuanza, namna moja ya kulia, na namna moja ya kumtaja Maria, nayo ni kutomtaja kabisa. Hilo ni dhehebu. Liwe na jina, lisemwe mlangoni, mtu aamue akijua.

Sikwenda pale kubishana kuhusu Maria. Aliyetaka kujua angeweza kuniuliza, nami ningemfungulia Luka sura ya kwanza, aone kwamba nusu ya kwanza ya Salamu Maria tunayoirudia kwenye rozari imetoka humo: salamu ya malaika, halafu maneno ya Elisabeti alipotembelewa. Nusu ya pili tunamwomba atuombee, kama mimi nilivyowaomba wao waniombee. Hakuna aliyeuliza. Walikuwa na jibu tangu nilipoingia mlangoni.

Nitasema na mazuri yao, maana kuyaficha ni dhambi. Wale watu wanaomba. Hawasomi sala huku wanaangalia saa. Walilijua jina la mama yangu tangu siku ya kwanza, walijua ni mkono gani, walijua anameza uji kwa shida, na kila mmoja alilisema hilo mbele za Mungu kwa kinywa chake. Mmoja alinipigia simu usiku wa Jumapili kuniuliza anaendeleaje. Biblia wanaijua, na wakitaja mstari hawapapasi. Nilikwenda kwao kwa sababu kwetu sikuipata hiyo.

Ndiyo, kwetu. Wakatoliki wenzangu mtanisamehe. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipoweka nguvu kwenye jumuiya ndogondogo miaka ya 1970, walitaka kanisa la majirani, watu wanaojuana kwa majina na shida. Nenda Jumamosi asubuhi kwenye jumuiya nyingi za mjini uone kilichobaki. Injili inasomwa haraka, tafakari ya watu wawili walewale, halafu daftari linafunguliwa: mchango wa ujenzi, mchango wa jubilei ya padre, mchango wa sare, nani hajalipa zaka, nani hajafika mara tatu. Nilisema mama yangu mgonjwa. Mwenyekiti akasema "pole sana," katibu akaandika, tukaendelea na ajenda. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Lakini nilitoka pale mikono mitupu, na wiki hiyohiyo nikasikia "dada, usibebe peke yako." Mnaoshangaa kwa nini vijana wetu wanahamia kwenye makanisa ya mabati na spika kubwa, anzieni kwenye lile daftari. Kijijini kwa mama ni tofauti. Wanawake wa jumuiya yake wanamchotea maji kwa zamu hadi leo, na wakishatua ndoo wanasali naye kumi moja kabla ya kuondoka.

Kuna watakaoniambia nenda Karismatiki, kundi la maombi la humuhumu kwetu Wakatoliki. Najua Karismatiki ipo, ni nzuri, na muda wao haulingani na zamu zangu.

Na kuna watakaouliza kama Mkatoliki anaruhusiwa kusali na watu wa makanisa mengine. Anaruhusiwa. Mtaguso wa pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wetu wa dunia nzima, katika hati yake ya umoja ya mwaka 1964, ulisema si ruhusa tu, bali ni jambo la kutamaniwa kwamba Wakatoliki waungane katika sala na ndugu zao waliotengana nao. Kila mwaka tarehe 18 hadi 25 Januari ni juma la kuombea umoja wa Wakristo. Meza ya Bwana ni suala jingine, hapo kila mmoja anabaki kwake, na mimi naliheshimu hilo ijapokuwa linaniuma. Ila kukaa na watu tukamwombea mgonjwa, hilo halihitaji barua ya padre.

Nimefikiri niache kabisa, nisali peke yangu chumbani. Kilichonizuia ni bibi mmoja jirani.

Ni Mwanglikana wa Masasi, wa zile familia ambazo ukianza kuzihesabu vizazi unafika karibu na mwaka 1876, Waingereza wa UMCA, wamisionari wa Kianglikana, walipoweka kituo pale pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Sisi wa Ndanda ni watoto wa Wabenediktini, watawa wamisionari wa Kikatoliki. Wao walianzia Lukuledi na Nyangao, na vituo hivyo viliposhambuliwa katika vita vya Maji Maji mwaka 1905, mwaka uliofuata wakaanza Ndanda. Masasi na Ndanda si mbali, barabara ni ileile, lakini bibi yangu mzaa mama alikuwa akisimulia jinsi msichana wa Roma alivyoolewa na Mwanglikana ikawa kilio nyumba zote mbili, watu hawakusalimiana kisimani. Yaani haya mambo ya kunyang'anyana waumini hayakuletwa na walokole. Sisi wa makanisa ya zamani tuliwatangulia, tena tukayafanya kwa shule na hospitali mkononi.

Basi huyu bibi, Ijumaa, kesho yake baada ya kile kiganja, alinikuta nimekaa kwenye ngazi ya nyumba yangu. Alipoona nilichoshika akaketi kando yangu, akaingiza mkono kwenye fundo la khanga yake, humohumo anamowekea hela ya samaki, akatoa rozari. Mwanglikana! Nilidhani ameiokota. Akacheka, akasema kwao Masasi ubani na Salamu Maria havijawahi kuwa mali ya Roma peke yake. Akaniambia Jumatano jioni kuna watu wanakusanyika barazani kwake, nije.

Nilikwenda na woga. Tulikuwa sita. Mkeka, taa ya chaji, na sinia la ming'oko iliyochemshwa, imepoa kiasi cha kumenyeka. Alikuwepo kijana wa Kilutheri anayejua tenzi zote bila kitabu, mwalimu mstaafu, mama mmoja wa kilokole ambaye nilipomwona nilitaka kurudi nyumbani, na mjukuu wa bibi. Kabla hatujaanza, bibi alinigeukia akaniuliza swali ambalo kule ofisini sikuulizwa wiki zote tatu.

"Mwanangu, ninyi kwenu mnaanzaje?"

Nilishindwa kujibu kwa muda. Halafu nikasema, tunaanza kwa ishara ya msalaba. Akasema, haya, anza. Nikaanza. Waliotaka wakafanya, wasiotaka wakainamisha vichwa. Kijana akaimbisha. Mwalimu akasoma zaburi. Zamu ilipofika kwa yule mama wa kilokole aliomba kwa nguvu, akanena kwa lugha, baraza lote likajaa sauti yake, na hakuna aliyemkatiza, hakuna aliyekunja uso. Ilipofika zamu yangu nikatoa rozari ya mama, nikasema nitasali kumi moja tu. Yule mama hakuitikia. Aliketi kimya, mikono mapajani, akitazama viganja vyake hadi nilipomaliza. Sijui moyoni alisema nini, wala halinihusu. Alikaa. Angeweza kusimama akatoka na alikaa, nami nilikaa aliponena kwa lugha nisizozielewa. Hatukukubaliana chochote jioni ile. Naamini bado anadhani nimepotea njia, na mimi kuna mengi anayoyasema siyapokei.

Jana ilikuwa Jumatano yangu ya pili. Nilitaka tumpigie mama ili asikie watu wanaomwombea, simu yangu ikazima, chaji imeisha. Yule mama wa kilokole akasema namba ni ipi. Akapiga kwa simu yake, kwa salio lake, akaweka sauti kubwa. Mdogo wangu kijijini akaisogeza yake karibu na mto wa mama. Nikaanza, Salamu Maria, umejaa neema, bibi akanisindikiza. Tulipofika katikati tukanyamaza kumpisha mama, maana sehemu ya kuitikia ni yake. Ilichukua muda mrefu. Tulisikia pumzi, tukasikia kuku wa jirani kule kijijini, halafu sauti ikaja nzito, neno moja, likafuata jingine, "Maria... Mtakatifu..."

Simu ilikuwa mkononi mwa yule mama. Sauti ilipofifia, aliinyanyua kutoka kwenye mkeka, akainama akaiweka katikati yetu karibu na uso wangu, na akaishikilia hivyo, mkono umenyooka, mpaka mama alipofika Amina.