Bolti Moja Tu

Naomba ieleweke mapema: siku ile niliondoka nyumbani kwa nia ya kubana matumizi.

Jumatano iliyokuwa inakuja tulikuwa na maulidi nyumbani, Ngamiani hapa Tanga, na mke wangu alitaka machungwa ya juisi. Alikwenda sokoni, akasikia bei, akarudi na kikapu kitupu. Mimi mwenye gari nikajitia ubavu: "Machungwa ya kununua Tanga mjini ya nini, na Muheza ile pale?" Jumamosi asubuhi nikawasha kigari changu, mzaliwa wa Japani wa mwaka 1998, nikamchukua na shemeji yangu. Shemeji aliwahi kushinda gereji miezi miwili, na tangu hapo halipiti gari mbele yake asilitolee hukumu.

Muheza machungwa yalikuwa yamelundikwa kando ya barabara kama kokoto. Tulikusudia viroba vitatu. Kwa bei ile tukapakia sita. Nyuma gari likakaa chini kama kuku anayeatamia, na taa za mbele zikawa zinamulika vilele vya minazi.

Tukafika Pongwe, na Pongwe kuna tuta. Nilishuka upande wa pili nikasikia "KAU!" moja kavu, kama mtu kavunja muwa gotini. Usukani ukavutwa kushoto. Nilipokanyaga breki, tairi la mbele kushoto likarudi nyuma kwenda kuamkia bodi.

Shemeji akaingia chini ya gari, akatoka na vumbi nusu uso na furaha uso mzima. "Bolti ya wishiboni imekatika," akasema. "Usiwe na wasiwasi, shemeji. Ni bolti moja tu."

Wishiboni ni ule mkono wa chuma unaolishika tairi kwa chini. Kwenye chesisi, yaani fremu ya gari, umefungwa kwa bolti inayopita katikati ya bushi, kile kipande cha mpira chenye tundu. Bolti ikikatika, tairi linabaki na uhuru wa kwenda litakako, kama kijana aliyemaliza shule. Tulichokuwa nacho kwenye buti ni kamba ya mkonge iliyofungia viroba. Inasemwa Mjerumani Richard Hindorf alipoleta miche 1,000 ya mkonge huku kwetu mwaka 1893, iliyofika hai ilikuwa 62. Sidhani kama alipokuwa akiimwagilia ile 62 aliwaza kwamba siku moja itashika tairi la mtu Pongwe. Lakini ilishika.

Tukaja Tanga kwa mwendo wa maiti. Mji huu ni wa baiskeli, na siku ile baiskeli zote zilitupita, pamoja na ya mzee mmoja aliyebeba matenga mawili. Alipofika dirishani kwangu akapunguza mwendo, tukawa sambamba kabisa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Gari linaumwa nini?"

"Bolti tu, babu. Moja."

Akalitazama tairi, akaitazama kamba, akasema "Pole sana," akakanyaga pedeli akatuacha.

Jumapili tukaanza kazi chini ya mwarobaini. Mimi nilidhani bolti ikikatika basi nusu ya kazi imeshajifanya yenyewe. Kumbe ilikatikia kwenye meno, mahali inapoingilia kwenye nati. Kipande kimoja kikabaki ndani ya nati, na nati yenyewe imechomelewa ndani ya chesisi. Kipande kirefu chenye kichwa kikabaki ndani ya bushi, kimeshikana na kutu kama ndugu wa tumbo moja. Tulikaa na hewa ya bahari miaka yote hiyo, sisi tukiona upepo mzuri, yenyewe ikiliwa.

Shemeji akatia spana namba 17, akarefusha mpini kwa bomba la maji, akavuta. Bolti ikazunguka! Robo nzima. Watoto wa mtaa wakashangilia, nikawagawia machungwa. Shemeji akaachia spana ajifute jasho, na bolti ikarudi taratibu mpaka pale ilipoanzia. Akavuta tena, ikazunguka, tukashangilia, ikarudi. Nadhani tulishangilia mara nane. Kilichokuwa kinazunguka ni mpira wa bushi: unajinyonga, ukiachiwa unajinyongoa. Tuliligundua hilo saa saba mchana, wakati kiroba cha kwanza kimeshabaki maganda.

Tukamwagia dizeli, tukasubiri. Tukagonga. Jirani akaleta nyundo kubwa, akalipwa machungwa. Jirani mwingine akaleta ushauri, naye akalipwa machungwa. Jioni fundi wa kuchomelea akaja na gesi yake, akapasha moto. Bushi ikawaka, moshi mweusi ukaelekea moja kwa moja kwenye kamba ya nguo za bibi wa nyumba ya pili, ambaye nguo zake zilikuwa nyeupe kwa ajili ya maulidi. Yeye nilimpelekea kiroba kizima, mwenyewe, kwa miguu, nimeinamisha kichwa. Ila kile kipande kirefu kilitoka, na kile cha kwenye nati kikafuata usiku kwa tindo na matusi.

Jumatatu shemeji akaenda duka la vifaa vya ujenzi kununua bolti mpya. Alirudi baada ya dakika kumi, mkononi kitu kinang'aa kama mkufu. Unene ule ule, milimita 12, urefu ule ule. Ikaingia raundi mbili kwa mkono, ikagoma.

"Ni ngeni, haijazoea," akasema shemeji, akachukua bomba la maji.

Hapo ndipo ningepaswa kusema neno. Sikusema, nilikuwa nimeshika tochi na chungwa. Akavuta, kukalia "tak!" ndani ya chesisi, na kuanzia hapo bolti ikawa inazunguka kwa ulaini wa ajabu, haiingii wala haitoki. Nati ilikuwa imebanduka pale ilipochomelewa, ikawa inazunguka nayo gizani humo kama wamechumbiana.

Ndipo nikaenda kumwita fundi mzee wa barabara ya tisa, yule ambaye nilipaswa kumwita Jumamosi. Alikuja, hakuinama hata. Akaomba aione bolti mpya, akaiweka sambamba na kipande cha zamani, meno kwa meno. Hayakukutana.

"Hii ya kwako," akaniambia kwa upole ulionitia aibu kuliko tusi, "jino hadi jino ni milimita 1.75. Ya gari lako ni 1.25. Na tazama nguvu yake, kichwani imeandikwa 4.8. Ya kazi hii huanzia 8.8. Hii mwanangu ni ya kufungia mlango wa choo."

Nusu milimita. Nikamtazama shemeji, shemeji akautazama mwarobaini.

Fundi akakata dirisha dogo kwenye chesisi kwa grenda, akaishika nati kwa kupitia hapo, akaitoa ile bolti ya choo, akaichomelea nati upya. Gari langu sasa lina madirisha saba. Bushi mpya na bolti yenyewe vikaagizwa Dar, vikaja kwa basi Jumanne mchana. Watu husema Tanga waja leo waondoka leo. Bolti yangu peke yake ndiyo haikuusikia msemo huo.

Nilidhani imebaki kukaza tu. Shemeji akatia spana, gari likiwa bado juu ya jeki, fundi akampiga kofi la mkono. "Lishuke kwanza! Lisimame kwa miguu yake ndipo ukaze. Ukikaza limening'inia, bushi inakazwa ikiwa haijakaa sawa, likishuka inajinyonga, mwezi haupiti imechanika." Tukashusha, akalala chini akakaza, dakika mbili. Akapokea hela yake, na machungwa kumi juu yake, akaondoka akiniusia nisibebe mzigo mpaka arudi kuangalia baada ya wiki.

Usiku ule mke wangu akaenda kufungua viroba. Nikamsikia akihesabu kwa sauti. Hakufika mbali, aliishia tisa.

Jumatano alfajiri nilikuwa sokoni kwa miguu, kununua machungwa ya Muheza kwa bei ya Tanga. Nikainua macho kwa muuzaji: yule mzee wa Pongwe na matenga yake. Alinitambua kabla sijasalimia. Alinipunguzia kidogo, kisha akajitolea kunifikisha nyumbani, mimi nimekaa nyuma kwenye keria, tenga mapajani.

Tulipopita mwarobaini akaliona gari.

"Kwani mpaka leo ni ile ile bolti?"

"Ile ile, babu."

"Moja?"

"Moja tu."

Akacheka mpaka baiskeli ikayumba. Machungwa mawili yakadondoka, na watoto wa mtaa wakawa wameshayafikia.