Tovuti ya Wapemba: Kuhama Sawa, Lakini kwa Jina la Nani?

Jumuiya moja ya watu wa Pemba, inayowakutanisha mtandaoni walioko Wete na Chake na walioko Muscat, Mombasa, Dar es Salaam na London, imeingia katika mjadala ambao ukiutazama haraka utadhani ni wa mafundi wa kompyuta tu. Kwa miaka yote kumbukumbu zao zimekaa kwenye ukurasa wa bure wa mtandao mmoja mkubwa wa kigeni, na mazungumzo ya kila siku yako WhatsApp. Sasa limeletwa pendekezo la kufungua tovuti yao, kwa jina lao, wailipie na waiendeshe wenyewe. Walioleta pendekezo wameshaitwa kila kitu: wanataka ukubwa, wametumwa na chama, wanatafuta pa kulia michango.

Naona wamedhulumiwa. Hawakusema watu wajitenge na dunia, wala hawakusema grupu zifungwe. Walichosema ni kwamba vitu vilivyokusanywa havina mahali ambapo jumuiya yenyewe ina kauli juu yake, na hilo ni kweli tupu.

Hebu tuangalie kilichomo. Mtu anapandisha picha ya darasa la Skuli ya Fidel Castro, haina mwaka wala maelezo, na kabla ya magharibi waliomo wameshatajwa wote, mstari wa mbele na wa nyuma, nani ametangulia mbele ya haki na nani yuko Kanada. Mwengine anaweka beti alizozisikia kwa bibi yake Konde na kuuliza ni za nani. Mmoja anasema Sarahani, mwengine anakataa, anasema Kamange, wote washairi wa zamani wa Pemba, na ubishi wenyewe unatoa beti nyengine ambazo zilikuwa vichwani mwa watu tu. Kuna nasaba za koo, majina ya vijiji ambavyo ramani hazivitaji, maneno ya Kipemba ambayo mtoto aliyezaliwa Dar es Salaam hana pa kuyasikia. Halafu kuna taazia, miaka na miaka ya taazia, kila moja na jina la marehemu, baba na babu, watoto aliowaacha na mahali anapozikwa. Zikipangwa kwa tarehe, hilo ni daftari la vifo vya watu wa kisiwa kimoja waliosambaa dunia nzima, na sidhani kama kuna ofisi yoyote yenye mfano wake.

Lakini hazipangiki. Jambo lililoandikwa mwaka juzi limezama chini ya maelfu ya mengine, na ukilitafuta kwa jina la mtu unaletewa matangazo. Grupu la WhatsApp lilikuwa halipokei zaidi ya watu 256 mpaka mwaka 2022. Sasa linachukua 1,024. Ndiyo maana jumuiya hii ina grupu la kwanza, la pili na la kina mama, na kinachojulikana kwenye moja hakijulikani kwenye jengine. Mtu akibadilisha simu bila kuhifadhi nakala, historia yake imekwenda na simu.

Wenye umri wa makamo wanavikumbuka vikundi vya Yahoo. Miaka ya 2000 Wazanzibari wengi wa ughaibuni waliandikiana huko, wakagombana huko, wakapatana huko huko. Oktoba 2019 kampuni ilitangaza kwamba maandishi na picha zote zilizohifadhiwa humo zitafutwa, ikatoa wiki chache za mtu kuchukua chake. Desemba 2020 huduma yote ikafungwa. Kampuni haikuvunja sheria yoyote. Masharti yake yalikuwa yakiiruhusu tangu siku ya mwanzo. Ni wangapi kati yetu waliochukua chao? Mimi sijakutana na mtu mwenye nakala kamili ya kikundi hata kimoja.

Wanaosema jumuiya ya watu wa kujitolea haiwezi kuiacha kampuni wanausahau mkasa wa Wikitravel. Ulikuwa mwongozo wa wasafiri ulioanzishwa mwaka 2003, ukiandikwa na watu wa kawaida bila malipo. Mwaka 2006 waasisi waliuuza kwa kampuni ya Marekani, Internet Brands. Waandishi wa Kijerumani hawakungoja: mwaka huo huo walitoka, wakaanzisha Wikivoyage chini ya jumuiya waliyoisajili kwao Ujerumani. Wa Kiingereza walivumilia mpaka 2012, kisha nao wakaamua kuhama kwa wingi. Kampuni ikawafungulia kesi wawili kati ya wale wa kujitolea. Shauri hilo lilimalizwa mwanzoni mwa 2013, na Januari 15 mwaka huo Wikivoyage ilikuwa imeshazinduliwa rasmi chini ya Wikimedia, shirika linaloendesha Wikipedia. Waliweza kuhama na kazi yao kwa sababu moja: tangu mwanzo yaliandikwa maandishi ya ruhusa kwamba yeyote anaweza kunakili, mradi ataje waandishi na aruhusu wengine kama alivyoruhusiwa. Sisi hatujaandika kitu kama hicho. Picha ya darasa ina mwenyewe, beti zina wenyewe, na kuhama kwetu kutataka tuwaombe ruhusa mmoja mmoja. Kazi hiyo inazidi kuwa ngumu kila anapofariki mmoja wao.

Kuhusu siasa sitokaa sana. Mpemba akifungua duka la nguo ataulizwa anamuuzia nani, sembuse tovuti. Tuhuma hiyo inawakuta wote, wanaohama na wanaobaki. Tofauti ni kwamba tovuti yenye masharti yaliyoandikwa inaweza kupiga marufuku kampeni za vyama ukurasani, na marufuku hiyo ikaonekana na kila mtu, wakati kwenye grupu inategemea admini ameamka vipi siku hiyo.

Upande wa pili nao wana hoja, na baadhi ni nzito kuliko wenzetu wanavyokiri. Watu wetu wengi wanatumia bando la mitandao ya kijamii, lile la bei nafuu, na kwa bando hilo tovuti haifunguki. Bibi wa Micheweni anayepata taazia kwa sauti aliyotumiwa na mjukuu wake hatojifunza kuandika anwani ya tovuti, wala hana sababu. Kina mama nao wamesema jambo ambalo kikao cha wanaume kilitaka kulipita: katika grupu lao wanazungumza kwa uhuru kwa sababu wanajua nani yumo. Ukiwaambia maneno yao yatakuwa mahali ambapo yeyote anaweza kuyasoma, watanyamaza. Nimeona walivyojibiwa, kwamba kutakuwa na sehemu ya kufungwa kwa neno la siri. Jibu hilo halitoshi. Anayejua kama sehemu hiyo imefungwa kweli ni fundi peke yake.

Kuna sheria vilevile. Ukiwa mgeni kwenye mtandao wa kampuni, mzigo mkubwa uko kwa kampuni. Ukiwa na tovuti yako, wewe ndiye unayegongewa mlango. Kanuni za Tanzania za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilikuja na ada ya leseni ya shilingi milioni moja, na Juni mwaka huo JamiiForums, jukwaa la mijadala mtandaoni lenye umaarufu na wanasheria wake, ilijizima kwa muda. Kanuni za 2020 zikaweka saa mbili za kuondoa maudhui unayoambiwa ni haramu, badala ya saa kumi na mbili za awali. Zimeendelea kubadilishwa, na kabla ya tovuti kufunguliwa jumuiya inahitaji mtu wa kuzisoma kama zilivyo leo, asitegemee alichosimuliwa barzani. Juu yake kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Nasaba zetu zimejaa majina ya watu walio hai, na watoto wao.

Na wale wanaodai tovuti yetu haitozimika wanajidanganya. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa, na aliyekuwa Pemba hakuona tovuti ya kampuni wala ya mtu binafsi. Kuna hata waliopendekeza mashine ya kuhifadhia tovuti iwekwe hapa hapa Zanzibar, tuishike kwa mikono yetu. Unguja ilikaa gizani tangu Desemba 2009 mpaka Machi 2010 baada ya waya wa umeme wa baharini kuharibika. Tukodi nafasi kwenye mashine za wenye kazi hiyo, nje, yaishe.

Hoja zote hizo mbili, ya bando na ya sheria, zina dawa. Mazungumzo na taazia za papo kwa papo zibaki WhatsApp. Tovuti ichukue kinachotakiwa kukaa, na kisomwe kabla ya kuwekwa. Kinachoninyima usingizi ni kitu kidogo ambacho sijamsikia hata mmoja, wa upande huu wala ule, akikizungumza vya kutosha: jina la tovuti.

Jina hilo halinunuliwi, linakodiwa. Jina la kawaida linaloishia na .com linagharimu kama dola kumi hadi kumi na tano kwa mwaka, pesa ya mlo mmoja Forodhani. Kwa kuwa ni pesa ndogo, hutolewa na mtu mmoja mwenye moyo na kadi ya benki, kwa anwani yake ya barua pepe. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, hakuna tatizo. Kisha mtu huyo anabadilisha benki, au anagombana na katibu, au anafariki. Ukumbusho wa kulipa unakwenda kwenye sanduku la barua ambalo halifunguliwi na mtu. Muda ukipita kuna siku za huruma, halafu siku thelathini za kulikomboa kwa faini, halafu siku tano za mwisho, na baada ya hapo jina liko huru kwa yeyote. Na wapo wanaongoja. Kuna mitambo inayofuatilia majina yanayoachwa na kuyanyakua dakika hiyo hiyo, kwa sababu jina ambalo limetajwa kwenye kurasa nyingi lina thamani, na miongoni mwa wanunuzi wamo wenye michezo ya kamari na picha chafu.

Hebu fikiri mjukuu yuko Oman, anatafuta jina la babu yake aliyezikwa Mtambwe. Anapata kiungo kilichowekwa na shangazi yake zamani, anakibofya, na inamfungukia meza ya kamari. Jina la tovuti ni la kisiwa chake. Ukurasa wa kampuni ya kigeni una kila aibu, ila aibu hii hauna. Yahoo ilifuta, haikuwakodisha wenye kamari majina ya vikundi vyetu.

Kwa hiyo anayeniuliza kama tuhame, namjibu ndiyo, tuhame, na namuuliza yeye kwa jina la nani. Wazee wetu walilijua swali hili vizuri kabla ya umeme. Mtu akiweka nyumba au shamba la mikarafuu wakfu, hati haikutosheka kusema mali ni ya nani na mapato yaende wapi. Ilimtaja mutawalli, yaani mwangalizi wa wakfu, na ikasema nani atamrithi uangalizi akifa. Palipokuwa hapana wa kurithi, au mutawalli alipoigeuza mali kuwa yake, nyumba zilianguka na mashamba yakapotea, na tangu 1905 serikali imekuwa na chombo cha kusimamia wakfu, ambacho leo ni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Tovuti ya jumuiya inataka hati ya namna hiyo kabla ya kutaka rangi na nembo.

Rasimu ya katiba iliyosambazwa ina kurasa kadhaa juu ya uongozi, mikutano na nidhamu, na mstari mmoja tu juu ya tovuti: itakuwa chini ya "msimamizi atakayeteuliwa". Mstari huo ndio unaotakiwa uvunjwe na uandikwe upya. Jina lisajiliwe kwa jumuiya iliyosajiliwa kwa Mrajis, lisiwe la mtu. Maneno ya siri yawe kwa watu watatu, mmoja Pemba, mmoja Unguja au Dar es Salaam, mmoja ughaibuni, na mmoja wao awe mwanamke kutoka grupu la kina mama, ili ile sehemu ya kufungwa iwe na mlinzi anayeijua. Nakala ya kila kitu itolewe kila miezi mitatu na kuwekwa mahali pengine. Na jina lilipiwe mbele kwa muda mrefu kabisa unaoruhusiwa kwa .com, miaka kumi. Jumla yake, dola mia na kitu, jumuiya hii imeshachanga zaidi ya hapo kwa khitma moja.