Dawa za kujenga mfupa: nguvu zinazo, ila hela ya korosho itafika?

Wengi tukisikia dawa ya mifupa tunadhani zote kazi yake moja, kumbe hapana. Mfupa hautulii, kuna seli zinaula (osteoklasti) na zingine zinaujenga (osteoblasti), na mama akishakoma hedhi walaji wanawazidi wajenzi, mfupa unakuwa dhaifu na kuvunjika kirahisi. Vidonge vilivyozoeleka vya alendroneti vinazuia walaji tu. Teriparatidi, iliyoruhusiwa Marekani 2002, yenyewe inawaamsha wajenzi, na hapa ndo panapofurahisha maana ni kipande cha homoni ya parathiroidi, ileile ambayo ikijaa kwenye damu muda wote inamaliza mfupa, ila ukichomwa kidogo mara moja kwa siku inapanda na kushuka fasta, basi osteoblasti zinachelewa kufa na zile zilizolala juu ya mfupa zinarudi kazini. Romosozumabu ya 2019, nayo ya sindano, inakamata sklerostini, protini inayowabana wajenzi.

Kwa nguvu, sindano za kujenga zinashinda vidonge. Utafiti wa VERO ulichukua kina mama ambao pingili za mgongo zilishavunjika, ndani ya miaka 2 waliovunjika pingili mpya ni asilimia 5.4 kwa teriparatidi, na 12 kwa vidonge vya risedroneti, navyo vya kuzuia walaji. Mgongo ukishafika huko, kumuanzishia mtu kidonge kwa mazoea tu sioni sababu.

Wanaoogopa nao wana hoja. Panya waliopewa teriparatidi walipata saratani ya mifupa, japo kwa binadamu haikuonekana kuongezeka na onyo kali lililowekwa kwenye dawa hiyo Marekani likaondolewa 2020. Romosozumabu ndo ya kuangalia zaidi, aliyepata kiharusi au shambulio la moyo ndani ya mwaka mmoja hapewi, na wazee wetu wenye presha mnawajua walivyo wengi.

Mimi kinachonisumbua ni pesa. Teriparatidi ni kila siku mpaka miaka 2, inataka friji, alafu ukimaliza usipofuatisha dawa ya kuzuia walaji mfupa uliojengwa unaanza kuondoka. Sasa bibi wa Newala au Nachingwea hela inaingia korosho zikishauzwa mnadani, masika ikifika imeshakuwa ada na bati. Ataanza, atakatisha. Huyo bora alendroneti ya mara moja kwa wiki, anameza na maji matupu kabla ya kula na halali nusu saa, maana inaganda ndani ya mfupa hata akiruka wiki haipotei yote. Wenye pingili zilizovunjika wapewe sindano, ila familia iulize kwanza bei ya dozi nzima pamoja na vidonge vya baadae, sio ya mwezi wa kwanza tu.