Mtoto atoke darasani, au mtaalamu aingie?

Mlango unagongwa katikati ya somo. Mtoto wa miaka sita anaitwa, anainuka, na macho ya wenzake yanamsindikiza hadi nje. Kwa nusu saa atakuwa chumba cha pili na mtaalamu wa tiba kwa vitendo (kwa Kiingereza, occupational therapy), akitunga shanga, akikata karatasi kwa mkasi, akifinyanga udongo ili vidole vipate nguvu. Akirudi, wenzake wamefungua ukurasa mwingine. Anachukua daftari na kuanza kuandika kwa taabu ileile aliyoiacha pale mezani.

Simlaumu mtaalamu aliyeiendesha nusu saa ile. Huenda aliiendesha vizuri sana. Lakini ndani yake ndimo ulimo mvutano mkubwa wa kazi hii: tiba ya mtoto mdogo shuleni ifanyike wapi, na mikononi mwa nani?

Utaratibu wa kumtoa mtoto una asili yake. Tiba kwa vitendo ilipata chama chake cha kwanza Marekani mwaka 1917, ikakulia hospitalini, kwa wagonjwa wa akili na askari majeruhi. Msingi wake ni kwamba shughuli zinazoujaza mchana wa mtu ndizo zinazomjenga. Kwa mtoto mdogo shughuli hizo ni kucheza, kula mwenyewe, kufunga vifungo, kwenda choo, kukaa akasikiliza, kushika penseli. Sheria ya Marekani ya mwaka 1975 ilipowapa watoto wenye ulemavu haki ya kusoma katika shule za umma, wataalamu wengi waliwafuata huko, na desturi ya hospitali wakaibeba: mgonjwa, miadi, chumba, mlango uliofungwa.

Chumba hicho kina watetezi wenye hoja. Darasa la watoto wadogo lina kelele, na mtoto anayejifunza jambo gumu kwa mara ya kwanza anahitaji utulivu na mtu mmoja anayemtazama yeye tu. Pia kuna staha. Mtoto anayefundishwa kujisafisha chooni, au kuvua na kuvaa nguo, hafundishwi mbele ya watu. Wapo pia wanaoona haya kushindwa hadharani, ambao chumbani wanathubutu kujaribu. Na mzazi aliyepigania huduma hii miaka miwili anataka kuona saa zinazohesabika. Akiambiwa mtaalamu “anashauriana na mwalimu,” anasikia kwamba mwanawe amenyimwa.

Hoja ya upande wa pili inaanzia kwenye kile mtoto anachokosa kuhamisha. Kufunga vifungo vya ubao wa mazoezi, kifua kimetulia na mkono umekaa mezani, si sawa na kufunga vya shati lako mwenyewe huku wenzako wanakimbilia nje. Watoto wengi, hasa wenye shida ya kuratibu mwili, hawabebi stadi kirahisi kutoka mahali pamoja kwenda pengine. Ulichomfundisha chumbani huenda kikabaki chumbani.

Mwandiko unaonyesha jambo hili vizuri, na ndio sababu ya kawaida ya mwalimu kuomba msaada. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1992 ulikuta watoto wa shule ya msingi wakitumia kati ya asilimia 31 na 60 ya siku ya masomo kwenye kazi za mikono, nyingi zikiwa za penseli na karatasi. Kisha mwaka 2011 yakachapishwa mapitio ya tafiti kuhusu tiba ya mwandiko. Tiba isiyomwandikisha mtoto haikuboresha mwandiko wake. Hata ile iliyomwandikisha haikufua dafu vipindi vilipopungua 20. Shanga na udongo vina kazi yake, ila haviwezi kusimama badala ya kuandika. Na kwa kipindi kimoja kwa wiki, vipindi 20 vinapita muhula mzima. Anayeweza kumwandikisha mtoto dakika chache kila siku ni mwalimu wake, wala si mgeni wa Jumatano.

Mtaalamu aliyekaa darasani huona pia yasiyoonekana chumbani. Huona kiti kinachoiacha miguu ya mtoto ikining’inia, kisha mwalimu anamkemea kwa kutotulia. Huona meza inayofika kifuani. Huona mtoto anayegombezwa kila siku kwa namna anavyoshika penseli, ilhali utafiti wa Kanada wa mwaka 2012, uliowapima wanafunzi 120 wa darasa la nne, haukukuta tofauti ya kasi wala usomekaji wa mwandiko kati ya mishiko minne ya kawaida. Hapo la kufanya ni kumwambia mwalimu, kwa upole, amwache. Kazi hiyo huchukua dakika mbili na humwondolea mtoto mwaka wa karipio.

Kanada imekwenda mbali zaidi. Katika jimbo la Ontario, watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster walibuni mpango ambao mtaalamu hukabidhiwa shule badala ya orodha ya majina. Hukaa pale siku nzima kila wiki, hufanya kazi bega kwa bega na walimu, na mtoto hahitaji cheti cha daktari ndipo asaidiwe. Shida ya kuratibu mwili inakadiriwa kuwagusa watoto 5 hadi 6 katika kila 100, na wengi wao hawajawahi kupimwa na yeyote. Mpango wa majina hauwafikii. Wa darasani unawafikia kabla hawajaanza kujiita wavivu.

Naegemea darasani, basi. Lakini hofu ya wazazi si ya bure, na hapa ndipo watetezi wenzangu hupita haraka mno. Neno “ushauri” limekuwa jina la heshima la kupunguza gharama. Mtaalamu mmoja anagawiwa shule nyingi, anafika mara moja kwa muhula, anaacha karatasi mbili za mapendekezo, na kwenye taarifa huduma inahesabiwa imetolewa. Karatasi inasema mwalimu ampe mtoto mapumziko ya kujinyoosha, amkatie kazi vipandevipande, amkalishe mbele, amfuatilie kila siku. Mwalimu ana watoto wengine thelathini au zaidi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ni rahisi kumwandikia mtu mzigo usiokusudia kuubeba naye. Kilichofanya mpango wa Ontario uwe tofauti ni ile siku nzima ya kila wiki. Ukiiondoa siku hiyo, umebaki na karatasi.

Kuna hatari nyingine, ya darasa kujazwa vifaa badala ya utaalamu. A. Jean Ayres, mtaalamu wa Marekani, alijenga katika miaka ya 1960 na 1970 nadharia ya namna ubongo unavyoyaunganisha yale ambayo hisi zinauletea, na iliwasaidia wengi kumwona mtoto mwenye vurugu kuwa mtoto aliyezidiwa. Nashukuru kwa jicho hilo. Hata hivyo, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilisema mwaka 2012 kwamba utafiti kuhusu tiba zinazojengwa juu ya nadharia hiyo ni mchache na haujafikia jibu. Fulana nzito, mito ya kuchezea, viti vya kuyumba huenda vikamtuliza mtoto fulani. Vijaribiwe kwa muda uliowekwa, jambo moja likipimwa, mathalani dakika anazokaa kwenye kazi yake. Kama hakuna badiliko, viondolewe bila kuoneana haya.

Kwa hiyo mzazi au mwalimu mkuu akiambiwa kwamba tiba sasa itafanyika darasani, aulize maswali yenye majibu ya namba. Mtaalamu atakuwa hapa siku ngapi kwa mwezi? Ni saa ipi katika ratiba ambapo yeye na mwalimu watakaa pamoja, na nani atashika darasa wakati huo? Ni jambo gani moja ambalo mtoto hawezi leo na tunataka aliweze, tena atalifanyia wapi: mezani kwake, uwanjani, au kwenye foleni ya kunawa mikono?

Na chumba kisifungwe. Kitumike kwa mambo ya staha, kwa vipimo vya mwanzo, kwa wiki chache za kuanza stadi ngumu, na tarehe ya kumrudisha mtoto darasani iandikwe siku ileile anapotolewa. Siku hiyo ikifika, mtaalamu aingie naye, akae kwenye kiti kidogo kando yake, amtazame akifungua daftari.