Asilimia ya wenyeji: ya watu au ya kazi?

Kuna wakati nilifanya miezi minne kwa kontrakta mmoja huku Lamu upande wa bara, jina silitaji, kazi yangu ilikuwa kuandika mahudhurio asubuhi na jioni. Siku moja bosi akaniambia kesho kuna watu wanakuja kuangalia kama tumeajiri wenyeji wa kutosha, nitayarishe orodha. Nikaandika. Wenyeji tulikuwa zaidi ya nusu! Lakini toa walinzi, toa wafagiaji, toa kina mama wa jikoni na vijana wa kubeba simiti wanaolipwa kwa siku, tukabaki watatu, mimi na madereva wawili. Kwenye mashine hakuna, kwa wapimaji hakuna, ofisini hakuna. Na ile orodha haikuwa na jina la uongo hata moja, ndio inaniuma mpaka leo. Wakaja, wakaisoma, wakanywa soda, wakaenda zao.

Kwa hivyo nikisikia ati kampuni fulani imetimiza asilimia ya wenyeji mimi nauliza, asilimia ya nini?

Binamu yangu alikuwa fundi simu Dammam. Mwaka 2016 Saudia ikaamua maduka ya simu yote, kuuza na kutengeneza, wafanye Wasaudi peke yao, mwezi wa tisa ukifika basi, na yeye akarudi Amu, yaani kisiwani Lamu, na mabegi yake mawili. Alikasirika sana, lakini yeye ndiye aliyenifundisha hii habari. Kule tangu 2011 kuna mpango unaitwa Nitaqat, kampuni inapewa rangi kulingana na Wasaudi iliowaajiri, ukiangukia nyekundu viza za wageni wako zinakwama. Kampuni nyingine zikafanya ujanja, zinamwandikisha Msaudi, zinamlipa kidogo akae nyumbani, yaani mfanyakazi hewa kama hawa wetu tunaowajua. Serikali ikaangalia mshahara, na tangu 2021 Msaudi anahesabiwa mtu mzima akilipwa riali 4,000 kwenda juu, akilipwa 3,000 ni nusu mtu. Imarati nao, kule kina Dubai, kampuni yenye wafanyakazi 50 na zaidi inatakiwa kuongeza raia asilimia 2 kila mwaka kwenye kazi za ujuzi, za ujuzi nasema, mfagiaji hahesabiwi hapo, na faini ilianza dirhamu 6,000 kwa mwezi kwa kila nafasi isiyojazwa.

Sisemi tuwaige kila kitu, sisi tumeona vile wageni wanaishi kule na wengi ni ndugu zetu. Nasema wao walishajua kuhesabu vichwa ni rahisi kudanganywa.

Huku kwetu ukiuliza mbona wenyeji hawako kwenye kazi za ujuzi jibu ni lile lile, hamna ujuzi. Gati ya kwanza ya bandari mpya ya Lamu ilifunguliwa Mei 2021 na ujenzi ulizinduliwa 2012, hio ni miaka tisa, miaka tisa mtu anasoma anamaliza anakuwa fundi na anafundisha wengine. Najua kuna vijana walipewa skolashipu na nashukuru kwa hao, lakini kontrakta mdogo mdogo anayekuja na kuondoka nani anamuuliza amemfundisha nani? Na mimi nikiwa mkweli, wapo wenzetu waliokuwa wanakuja siku tatu ya nne hawaonekani, nilikuwa nawaandika mimi. Ila mtu anayejua kesho ni simiti na mwaka ujao ni simiti utamshikaje?

(Na mwenyeji sisemi kabila. Aliyezaliwa Mpeketoni au Hindi, huku Lamu bara kwenye watu wengi waliohamia, ni mwenyeji kama mimi wa mtaa wa Langoni, Amu.)

Ninachotaka ni kitu kidogo. Orodha ibandikwe nje ya ofisi ya chifu, iwe na kazi ya mtu, analipwa ngapi, kandarasi ya muda gani, na kila fundi aliyeletwa kutoka nje aandikwe pembeni yake ni kijana gani wa hapa anajifunza kwake.

Kulikuwa na kijana mmoja, saa ya chakula wenzake wanalala kivulini yeye anaenda kusimama karibu na eskaveta, anaangalia zile mkono za dereva. Akaomba afundishwe hata jioni bila malipo, akaambiwa bima hairuhusu. Sasa anaendesha bodaboda Mokowe. Kwenye ile orodha yangu alikuwa namba 17, mwenyeji.