Mlango umefungwa, mwizi yumo ndani

Mwaka 2006 jarida la Nature lilieleza habari za watoto 6 wa kaskazini mwa Pakistani ambao hawakuwahi kuhisi maumivu. Utafiti ulianzia kwa mvulana aliyepata riziki mtaani kwa kujichoma visu mikononi na kukanyaga makaa ya moto. Alikufa kabla ya kutimiza miaka 14, baada ya kuruka kutoka juu ya paa. Hitilafu ilikuwa kwenye jeni moja tu, inayounda Nav1.7, kijitundu cha kupitishia sodiamu ambacho neva hukitumia kupeleka habari ya maumivu.

Makampuni ya dawa yalidhani kazi imekwisha: ziba tundu, maumivu yaishe. Dawa za kuliziba zikajaribiwa, zikakwama moja baada ya nyingine. Dokezo lilipatikana London mwaka 2015. Mwanamke aliyezaliwa na hitilafu ileile alipewa naloksoni, dawa inayozima nguvu ya afyuni, akaanza kuhisi maumivu. Kumbe mwili wake ulikuwa ukijitengenezea afyuni yake wenyewe! Kuzaliwa bila tundu na kuzibiwa ukubwani si mamoja.

Wanaotetea njia hii ya kuziba matundu wana jibu, tena zito. Januari 2025 Marekani iliidhinisha suzetrijini, inayoziba Nav1.8, ndugu wa tundu lile, kwa maumivu ya muda mfupi kama yale ya baada ya upasuaji. Nav1.8 iko zaidi kwenye neva za nje ya ubongo, ndiyo maana dawa hii haileti uraibu wa afyuni. Ukiniuliza mimi, hayo ni mafanikio hasa.

Ila mwezi mmoja kabla, matokeo ya dawa hiyohiyo kwa wenye maumivu sugu yanayotoka mgongoni kushuka mguuni yalikuwa yametangazwa. Maumivu yalipungua kama alama 2 kati ya 10, na waliopewa vidonge visivyo na dawa walipata nafuu hiyohiyo. Sishangai. Tangu 1983 mtafiti wa neva Clifford Woolf alionyesha kwamba jeraha huzifanya seli za uti wa mgongo kuwa nyepesi kushtuka, hata mguso wa kawaida ukauma. Hapo kuziba mlango wa nje kunasaidia kidogo.

Wenye shaka na utafiti wa kulenga tundu mojamoja hupenda kukumbusha kwamba mgonjwa wa kisukari ambaye miguu humwaka moto usiku anapewa amitriptilini, dawa ya sonona iliyogundulika kwa kubahatisha kuwa inatuliza neva. Ni kweli, lakini bahati haina ratiba. Mimi ningependa watafiti waendelee kuchimba, ila wachimbe ndani zaidi, na wasichague panya wa kiume tu kama walivyozoea. Mwaka 2015 watafiti wa Kanada waligundua kwamba mikroglia, yaani seli za kinga za ubongo na uti wa mgongo zinazochochea maumivu ya neva kwa panya dume, hazihusiki kwa jike, ambaye hutumia seli nyingine za kinga. Na wengi wa wagonjwa wa maumivu sugu ni wanawake.